Mandolini ya taarabu: nitie chuma shingoni au la?

FundiNakshi_Langoni (Lamu)

Assalamu alaykum wadau. Mimi ni fundi wa milango, si fundi wa ala. Nachonga nakshi hapa Langoni mwaka wa 19 huu, na ukinipa ubao wa msaji nitakwambia utapinda wapi kabla sijaupiga randa. Lakini wiki mbili zilizopita nimeletewa mandolini, na tangu hapo najiona mwanafunzi.

Ni ya mpigaji wa kikundi cha taarabu cha hapa mjini, mtu mzima, sisi sote twamwita Ami. Analalamika kuwa nyuzi zinamkata vidole. Nimepima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vilivyokingama kwenye ubao wa vidole): nyuzi ziko juu ya ubao karibu milimita 5. Nikilaza rula ya chuma juu ya freti naona mwanga katikati, kwa hiyo shingo imeinama kuelekea nyuzi. Ni ile ya mgongo bapa, si ile ya tumbo la bakuli kama za Napoli. Shingo ni mbao nyekundu nyepesi, si mninga wala mvule, siioni kama ni ya kwetu. Na kuna mtu huko nyuma aliipunguza unene upande wa kiganja, michirizi ya tupa bado ipo. Pale kwenye kizingiti (mniwie radhi, kile kipande cha mfupa ambapo nyuzi zinaingia kichwani mimi nakiita kizingiti, ndiyo mazoea ya milango) unene wote pamoja na ubao wa vidole ni milimita 17 tu.

Nilianza na njia ya mkato. Kitambaa chenye unyevu, pasi ya makaa juu yake, halafu nikaifunga kwenye jiriwa ikiwa imepindishwa kinyume, siku mbili. Ilitoka imenyooka. Nikaweka nyuzi, nikajisifu mbele ya watoto wa karakana. Siku ya 9 ikarudi palepale ilipokuwa.

Sasa nataka kuubandua ubao wa vidole, nichimbe mfereji katikati ya shingo, nitie chuma. Chuma gani, kipana kiasi gani, na hii hewa yetu ya bahari inayokula mpaka bawaba za shaba? Harusi watakayopiga ni wiki tatu kutoka leo.

Mzee wa Udi (Mombasa)

Wa alaykum salaam fundi. Weka patasi chini kwanza.

Nyuzi zikiwa juu kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni shingo yenyewe kupinda. La pili ni shingo iliyonyooka vizuri, ila kiungo chake na mwili kimeachia, kwa hiyo shingo nzima inakuja mbele kama mlango uliolegea bawaba ya juu. La pili ukilitibu kwa chuma umeharibu shingo ya mtu bure, na nyuzi zitabaki juu vilevile. Nimeona mandolini mbili zilizofanyiwa hivyo.

Fanya hivi. Kaza nyuzi mpaka sauti yake kamili, maana shingo isiyobeba mzigo haikwambii kitu. Bonyeza uzi kwenye freti ya 1 na kwenye ile freti ambapo shingo inaungana na mwili, kwa hizo za kizamani mara nyingi ni ya 10. Uzi ukivutwa ndiyo rula iliyonyooka kuliko rula zote. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 5. Kisha chukua karatasi ya kusokotea sigara, ijaribu kwenye mshono wa kisigino cha shingo, pale inapoingia mwilini. Ikiingia nyuzi zikiwa zimekazwa na ikakataa zikiwa zimelegezwa, ugonjwa uko kwenye kiungo.

Usipime kwa akili ya udi. Udi una nyuzi 11, za nailoni, shingo fupi, na mvuto wake ni wa kistaarabu. Mandolini ina nyuzi 8 za chuma, jozi 4, na zote kwa pamoja zinavuta kilo 70 hadi 80. Ni mtu mzima anayening'inia kwenye ile shingo usiku na mchana.

Ngalawa_Malindi

Mnahangaika bure. Kata kipande cha nondo, chimba, tia gundi, funga. Haitapinda mpaka kiyama 😂

Kama hutaki chuma, huku Malindi watalii wanaokwenda kuvua samaki wa bahari kuu wanavunja fimbo za kaboni kila msimu. Kaboni haishiki kutu na ni nyepesi. Ninayo vipande vitatu hapa, nitakutumia kwa basi mpaka Mokowe.

FundiNakshi_Langoni (Lamu)

Mzee, shukran. Nimefanya ulivyosema, tena nimejifunza jambo. Sina kipimo cha nafasi ndogo namna ile, kwa hiyo nimetumia nyuzi zenyewe. Pakiti imeandikwa unene wa kila uzi kwa inchi. Nilichukua vipande vilivyokatwa nikavipitisha kati ya uzi uliobonyezwa na freti ya 5. Ule wa tatu, 0.026, yaani milimita 0.66, ulipita bila kugusa. Ule mnene, 0.040, milimita 1 kamili, ukainua uzi. Basi pengo ni kama 0.8.

Karatasi ya sigara imegoma kuingia kisiginoni, nyuzi zimekazwa au hazijakazwa. Kiungo ni kizima.

Ngalawa, nondo ni ya kujengea ghorofa, kaka. Ile mikunjokunjo yake nitaijaza gundi kiasi gani? Lakini hiyo kaboni imenivutia.

Mzee wa Udi (Mombasa)

0.8 kwa shingo fupi namna hiyo ni nyingi. Ingekuwa 0.2 au 0.3 ningekwambia uache, au ubadilishe freti tu: ukitia freti zenye mguu mnene kidogo kuliko mfereji wake, kila moja inakuwa kabari, na zote pamoja zinausukuma ubao urudi nyuma. Kwa 0.8 kabari hazitoshi. Shingo inahitaji mfupa.

Kaboni ya fimbo ya kuvulia siipendi kwa kazi hii. Ni mrija, tena unapungua unene kuelekea nchani. Ukiutia kwenye mfereji wa pembe nne unagusa mbao mahali pachache, kwingine kote ni gundi. Kaboni ya kazi hii ni fito imara ya pembe nne, na hiyo kwa hapa kwetu ni kuagiza nje na kusubiri.

Bint_Mkunguni (Lamu)

Kwani mpingo mmeusahau? Zamani za chuma kuadimika mafundi walitia mbao ngumu shingoni na ala zikaishi. Mpingo unazama majini, haushiki kutu, na fundi anao mlangoni pake.

Mwalimu_Faza

Naombeni nichangie, mimi nasomesha fizikia na sijawahi kushika mandolini, kwa hiyo nisahihishwe kwa upande wa ufundi.

Uzito si ugumu wa kupinda. Mpingo ni mzito na mgumu kuchongwa, lakini ukija kwenye kukataa kupinda unazidi mbao nyingine kidogo tu. Chuma kinaizidi mbao ya kawaida mara 15 hivi kwa umbo lilelile. Ukichimba mbao ukarudisha mbao, hata iwe mpingo, umebadilisha kidogo sana, labda ikiwa shingo ni laini mno au ina ufa.

Jambo la pili ndilo naliona kubwa zaidi, nalo ni kimo. Ugumu wa kitu kupinda unakwenda kwa kimo chake mara tatu, yaani kimo × kimo × kimo, ilhali upana unahesabiwa mara moja tu. Chukua bapa la chuma la milimita 3 kwa 8. Likilala, na likisimama kwa ukingo wake, ni chuma kilekile na uzito uleule, lakini likisimama linakataa kupinda mara 7 zaidi. 

Kwa hesabu hiyohiyo tazama aliyepita na tupa. Shingo kama ilikuwa milimita 20 na sasa ni 17, aliondoa milimita 3 tu kwa macho. Lakini 17/20 × 17/20 × 17/20 ni 0.61. Ameondoa karibu asilimia 40 ya nguvu yake. Sidhani kama mandolini ilizaliwa na ubovu huu.

FundiNakshi_Langoni (Lamu)

Mwalimu, umenifanya niache chai ipoe. Nimekwenda kuitazama tena ile michirizi ya tupa. Kweli, kule karibu na kisigino ambako hakufika, unene unaongezeka ghafla, unausikia kwa kidole gumba kama ngazi.

Sasa si bora nibandike mbao nyuma, milimita 3, nirudishe alichokula? Nimemwuliza Ami. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Amesema kiganja chake kimeizoea hivyo miaka mingi, nikiinenepesha nimempa mandolini ya mtu mwingine. Nikamwuliza basi aliyeipunguza nani? Akatazama baharini. Naona ni yeye.

Mzee wa Udi (Mombasa)

😂 Wapigaji ndivyo walivyo. Muulize na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi tumboni, kama hajalichonga kwa kisu cha jikoni.

Mwalimu amesema vizuri. Mimi naongeza la historia kwa atakayeuliza kwa nini tusitie ule ufito wa chuma wa ndani ya shingo unaokazwa kwa nati. Kampuni ya Gibson, enzi hizo ikiwa Kalamazoo, Marekani, ndiyo iliyoupa umaarufu. Fundi wao Thaddeus McHugh alipata hataza yake mwaka 1923, na mandolini zao za F-5, zilizoanza 1922, zinao. Lakini angalia: F-5 shingo yake inaungana na mwili freti ya 15, ni ndefu, ina sababu ya kutaka ufito. Na nati yake inataka shimo kichwani, nyuma tu ya kizingiti (nimekuiga), ambapo ndipo pembamba kuliko pote na ndipo vichwa vinapovunjikia. Kwa milimita 17 usithubutu. Bapa lililosimama, lisilokazwa, linatosha.

Nakutahadharisha mambo mawili. Gundi nyeupe ya maseremala usiitumie kwa chuma, haishiki, na hata kwa mbao ikipata joto la kaskazi chini ya mzigo inatambaa polepole. Kama ndiyo iliyo chini ya ubao wako wa vidole, pengine ndiyo maana pasi yako ilikuangusha siku ya 9. Tumia gundi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa. Pili, usichimbe mfereji ukapita kizingiti kwenda kichwani. Acha mbao nzima pale.

Ngalawa_Malindi

Kwa hiyo fimbo zangu hamzitaki. Sawa. Chuma basi kisiwe cha kawaida, kwa upepo wa Lamu mwaka mmoja ni unga mwekundu. Tafuta stenlesi kwa wanaotengeneza vishikio vya boti.

FundiNakshi_Langoni (Lamu)

Ngalawa, hapo umenisaidia kuliko nondo. Kijana mmoja anayechomea vyuma Mokowe alikuwa na kipande cha stenlesi cha milimita 3 kilichobaki kwenye ngazi ya boti. Amenikatia ukanda wa milimita 8 kwa mashine, kwa msumeno wa mkono tungekuwa bado tunakata. Urefu 180, kutoka karibu na kizingiti mpaka ndani ya kisigino. Nimepima kwenye mzani wa muuza viungo: gramu 34.

Nawasimulia kazi ilivyokwenda, pengine mwingine atafaidika.

Ubao wa vidole ulibanduka kwa pasi na kisu chembamba cha mpako. Nilianzia upande wa mwili, nikipasha kwa dakika mbili tatu, nasukuma kisu kidogo, napasha tena. Karibu na freti ya 3 kisu kilitaka kuzama ndani ya mbao badala ya kufuata gundi. Nikakitoa, nikaingia kwa upande wa pili. Hilo nalijua kutoka kwenye milango: mbao ikikukatalia huku, igeuze. Gundi iliyokuwemo ilitoka kama maganda ya vitunguu.

Mfereji sikutumia mashine. Nilifunga vipande viwili vya mninga vilivyonyooka juu ya shingo, kati yake nafasi ya milimita 3 barabara, vikawa reli. Nikachukua patasi yangu nyembamba kabisa, ile ninayochimbia vijishina vya maua ya yungiyungi kwenye nguzo ya katikati ya mlango. Kwanza nikakata kingo mbili kwa kisu, halafu patasi kidogokidogo, unyoya baada ya unyoya. Mbao ile ukiikata inatoa harufu tamu kidogo, na vumbi lake ni la rangi ya mdalasini. Kina cha milimita 8 na nusu kilinichukua asubuhi mbili. Sikutaka kuharakisha, maana chini ya mfereji kulikuwa kumebaki mbao isiyofika milimita 5, na zaidi ya hapo ni kiganja cha Ami.

Chuma nilikikwaruza kwa tupa kali pande zote, nikakifuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, sikukigusa tena kwa vidole. Nikajaza gundi mferejini nusu, nikakizamisha taratibu ili hewa itoke. Juu yake nikafunika ukanda wa mninga, nikausawazisha kwa randa siku ya pili. Na wakati gundi inakauka nilikuwa nimeifunga shingo ikiwa imerudishwa nyuma kiasi cha unywele, ili nyuzi zikiivuta iwe imenyooka.

Mwalimu, swali moja: hiki chuma kimeifanya shingo iwe ngumu mara ngapi?

Mwalimu_Faza

Usitarajie maajabu. Kwa hesabu ya haraka, bapa la 3 kwa 8 ndani ya shingo ya mbao laini ya unene ule linarudisha sehemu kubwa ya kile tupa ilichokula, si zaidi. Umeirudisha karibu na ilivyozaliwa, bila kuinenepesha.

Bint_Mkunguni (Lamu)

Mimi bado naupenda mpingo. Lakini hesabu sizigombi.

FundiNakshi_Langoni (Lamu)

Matokeo. Ubao wa vidole umerudi mahali pake, nyuzi mpya, nimekaza hatua kwa hatua kwa siku mbili. Leo ni siku ya 12 tangu nikaze kikamilifu, kwa hiyo ile siku ya 9 imepita nikiwa nimeshika roho. Pengo freti ya 5: uzi mwembamba wa inchi 0.011, yaani milimita 0.28, haupiti. Karatasi ya ofisi inapita ikikwaruza. Tuseme milimita 0.1 au juu yake kidogo.

Nyuzi kwenye freti ya 12 zilishuka kutoka 5 mpaka 3 na nusu, nikashangaa kwa nini si 2. Mzee akanielewesha kwa simu kwamba shingo ikinyooka kizingiti kinashuka, ila nyuzi kwenye freti ya 12 zinashuka nusu yake tu, na kilichobaki ni daraja. Daraja lenyewe, ndiyo Mzee, lilikuwa limechongwa kwa kisu cha jikoni, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikatengeneza jipya la mpingo (Bint Mkunguni, hilo lako). Sasa ni milimita 2 kwa nyuzi nene, pungufu kidogo kwa nyembamba.

Ami alikuja alasiri moja, akakaa kwenye baraza, akapiga bila kusema neno kama robo saa. Punda wa jirani alipita na mizigo ya mchanga, akasimama, mwenye punda akashindwa kumwondoa. Alipomaliza Ami akasema inaelemea kichwani. Nikamwambia ni gramu 34. Akasema anazijua zote 34. Lakini aliichukua, na juzi harusini Mkomani nilimwona kavaa mkanda wa bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na vidole havikufungwa plasta.

Malipo nimepewa nusu. Nusu nyingine ameniletea kwa njia ya taishokoto la kaka yake, ile ala ya Kijapani ya nyuzi na vitufe: vitufe vitatu ukivibonyeza havirudi, na uzi mmoja unalia kama mbu. Sijui hata linafunguliwa wapi. Nitaanzisha uzi mwingine hapa jukwaani.